Uzi wa furu: ziwa la aina 500 za samaki, leo sokoni tunabishania sangara, sato na dagaa

Ghuba ya Speke (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kuna jamaa kule kwenye uzi wa mbuga kaandika kwamba bioanuai ni mambo ya tembo na watalii, mtu wa kawaida wa Igoma au Buhongwa hapa Mwanza hayamhusu ndewe wala sikio. Sikutaka kuharibu uzi wa watu nikaona nije nifungue huu, na humu sitaongelea tembo hata mmoja. Naongelea furu.

Wengi wenu furu mnamjua kama kale kasamaki ka fungu la jero, kana miba balaa, unakakaanga mpaka kichwa kinatafunika. Sasa furu siyo samaki mmoja. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za furu, na karibu zote huzikuti popote pengine duniani, iwe Tanganyika iwe Nyasa, hakuna. Na kinachowashangaza wataalamu mpaka leo ni kwamba ziwa lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 hivi iliyopita, maana yake aina zote hizo zimejigawa humo humo baada ya maji kurudi, na kwa mambo ya viumbe huo ni muda mdogo mno.

Na siyo kwamba walitofautiana rangi tu, hapana, walikuwa wamegawana kazi. Kuna waliokula matope na mabaki yanayozama chini, kuna waliokula vijidudu vinavyoelea, kuna wa kukwangua ule ukijani kwenye mawe, kuna wa mabuu ya wadudu, kuna wa konokono wenye meno kooni ya kumsaga na gamba lake, kuna waliokula samaki wenzao. Halafu kuna wahuni kabisa, hawa walikuwa wanamvizia mama furu aliyebeba watoto mdomoni (furu analea mdomoni, asiyejua ajue leo), wanamkaba mpaka anatema watoto, wanakula. Yaani hakuna kitu kilichokuwa kinadondoka ziwani kikakosa mwenyewe.

Akaja sangara. Mwaka 1954 akatiwa majini upande wa Uganda, katolewa Ziwa Albert, na miaka ya 60 mwanzoni wakaendelea kumpanda rasmi kabisa. Hoja ya wakoloni ilikuwa furu ni wadogo, wana miba, hawana soko, ni samaki takataka, tulete mkubwa awale awageuze minofu. Mtaalamu wao wenyewe, Geoffrey Fryer, aliandika 1960 kuwaonya wasifanye hivyo, wakampuuza. Kwa miaka kama 20 hivi hakuna kilichoonekana, watu wakasahau, halafu kwenye miaka ya 80 sangara akalipuka. Hapa Ghuba ya Mwanza furu waliisha katikati ya 80 ndani ya miaka michache tu. Kabla yake furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani, wakashuka mpaka chini ya asilimia 1. Aina zinazofika 200 hivi hazijaonekana tena.

Tulipata hela, sikatai. Ila tulibadilishana nini na nini? Karibuni, matusi pembeni.

Nyakato Finest

Nipo siti ya mbele, mwenye karanga apitishe huku.

Kichwa Ngumu

Mkuu heshima yako ila mimi nimesomeshwa na sangara. Mzee wangu alikuwa anakata minofu kiwandani miaka ya 90, ada yangu kidato cha kwanza mpaka cha nne ilitoka kwenye kisu chake. Mwanza hii mnayoringia kuna nyumba ngapi zimejengwa na sangara? Viwanda, maboti, wauza barafu, madereva, mama ntilie wa mwaloni pale boti zinaposhusha samaki, wote hao wanakula kwa samaki mmoja. Hao furu wako wa kukwangua mawe wangejenga nini? Ni kama zile habari za vyura wa bwawa la umeme la Kihansi, nchi ina shida ya umeme wakati ule watu wakapandisha chura ndege kwenda Marekani, jamani tuwe serious.

Mwl wa Bios

Kichwa Ngumu hapo kwa Kihansi umenichokoza, tuanzie huko halafu nirudi ziwani.

Yule chura ni mdogo wa kama sentimita 2 hivi, hatagi mayai, anazaa watoto hai. Makazi yake yote duniani yalikuwa kieneo cha kama hekta 2 tu chini ya maporomoko ya mto Kihansi, pale Udzungwa, panapolowa manyunyu muda wote. Kagunduliwa 1996, wakati bwawa limeshaanza kujengwa. Maji yalipogeuziwa kwenye mitambo maporomoko yakapoteza kama asilimia 90 ya maji yake, manyunyu yakaisha, wakaweka mabomba ya kunyunyizia, afueni kidogo, halafu 2003 vyura wakafa kwa kasi na kukakutwa ule ugonjwa wa kuvu unaoua vyura dunia nzima. Mwaka 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. Waliowaokoa ni hao hao 499 unaowacheka, waliopandishwa ndege mwaka 2000 kwenda Bronx Zoo. Wakazalishwa, 2010 wakaanza kurudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakarudishwa Kihansi.

Mtambo upo, megawati 180, haujawahi kuzimwa kwa ajili ya chura. Unasumbuka maji yakipungua mtoni. Na maji ya mtoni yanatunzwa na nini? Na msitu ule ule wa Udzungwa ambao una viumbe wengine kibao wa aina yake. Kwa hiyo ukisema umeme au chura unaweka ugomvi mahali ambapo hao wawili wanategemea mlima mmoja.

Kichwa Ngumu

Sawa mwalimu nimekupata kwa chura. Ila swali langu la ada hujalijibu.

Mzee wa Kayabo

Vijana mimi niko kwenye biashara hii tangu nywele nyeusi ngoja niwaambie kitu ambacho hakisemwi. Furu alikuwa anaanikwa juani tu unamtandaza kwenye jiwe au kwenye mchanga siku ya pili umeshamfunga kwenye gunia hela hujatoa hata senti ya kuni na waliokuwa wanashika biashara hiyo ni kina mama, mtaji wake ni beseni na mgongo. Sangara ana mafuta yule ukimwanika juani anaoza huku unamwangalia lazima umbanike kwa moshi au umpige chumvi awe kayabo apelekwe Kongo, sasa kumbanika ni kuni na kuni ni miti, nendeni visiwani mkaangalie vile visiwa vilivyokuwa na msitu mtaniambia. Halafu sangara ni nyavu kubwa na injini na barafu, mama wa beseni hana hiyo hela kwa hiyo biashara ikahama kwa tajiri mwenye maboti na kiwanda kikachukua minofu, kina mama wakabakiziwa mapanki, yaani mgongo na kichwa cha samaki, wanayakaanga wanauza. Sisemi sangara hakuleta hela alileta tena nyingi mimi mwenyewe nimejenga, ila ukiuliza nani alipata jua kuna aliyepata na kuna aliyesogezwa pembeni.

Na sasa hivi huyo sangara mwenyewe yuko wapi. Zamani mnamvuta watu wanne mnamlaza chini anamzidi mtu urefu. Leo mtu anarudi na vitoto. Makokoro na timba, zile nyavu haramu, vinazoa kila kitu, operesheni zikija zinachoma nyavu wakiondoka wanashona nyingine. Siku hizi hata minofu siyo habari kubwa, habari ni bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, bei ya kilo moja ya mabondo makavu ya kwenda kwa Wachina usiitaje mbele ya mtu mwenye presha.

Ghuba ya Speke (mwanzisha uzi)

Mzee umeua. Hapo kwa mabondo naongezea: bondo nene linatoka kwa sangara mkubwa, na sangara mkubwa ndo mzazi. Ile sheria iliyokuwepo ya kuvua sangara wa urefu wa sentimita 50 mpaka 85 tu iliwekwa kwa sababu hiyo, mdogo aachwe akue na mkubwa aachwe azae. Sasa pigia hesabu mwenyewe, ukishafanya mzazi ndiye mwenye bei kuliko wote sheria kama hiyo ingesimama kwa miguu ipi.

Kichwa Ngumu, ada yako naijibu hivi. Sikatai kwamba samaki mmoja alilisha watu. Hatari yake ni huo umoja. Mwaka 1999 zikatoka habari kuwa kuna watu wanavua kwa sumu, Ulaya ikasimamisha kununua, na ziwa lote, nchi tatu, likashika kichwa kwa mpigo. Mzee wako alikuwa kiwandani muda huo, muulize. Ukiwa na samaki kumi wa kukuingizia hela mmoja akikwama unahamia kwa mwingine, sisi tulikuwa na huyo huyo.

Kichwa Ngumu

Hahaha 1999 naikumbuka vizuri mkuu. Tulikula dagaa mpaka nikawa nalia. Ila tatizo hapo ni wavuvi haramu na masharti ya Wazungu, siyo sangara.

Jaduong wa Siaya

Jirani hapa kutoka Kenya, niruhusiwe. Huku sangara ni mbuta, dagaa ni omena, furu ni fulu, na samaki wa heshima alikuwa ngege. Ngege ndiye ulikuwa unamwekea mgeni mezani, si hawa wengine. Hapa kwetu kuna Ziwa Kanyaboli, ni ziwa dogo kando ya kinamasi cha Yala, na mpaka leo ngege wa asili yuko ndani pamoja na fulu ambao huko Victoria kubwa hawaonekani. Kwa nini wako? Kwa sababu katikati kuna mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo sana, ngege na fulu wanavumilia, mbuta hawezi, yeye anataka hewa nyingi. Kwa hivyo mafunjo yamekuwa ukuta bila mtu kujenga.

Sasa kinamasi chenyewe kimekatwa miaka nenda rudi kwa ajili ya mashamba makubwa, na ukikikausha chote hutapoteza nyasi peke yake, utakuwa umemfungulia mbuta mlango. Watu wanaona mafunjo wanadhani ni shamba linalongoja trekta.

Ghuba ya Speke (mwanzisha uzi)

Jaduong karibu sana, na umenikumbusha kitu. Huyo sato mnayemwita "sato wa Mwanza" mkija likizo mnabeba na kasha la barafu, naye mgeni. Kaletwa miaka ya 50. Mwenyeji ni ngege. Ngege aliteswa mara mbili, kwanza na nyavu za kisasa zilizoanza kuingia 1905 upande wa Kisumu, akavuliwa kupita kiasi wakati hata sangara hajafikiriwa, halafu akaletewa sato wa kugombania naye chakula na mazalia. Na ningu hivyo hivyo, ningu alikuwa anapanda mitoni kuzaa kipindi cha mvua, watu wakajua njia yake wakamwekea nyavu mdomoni mwa mto. Unamkamata samaki anaenda kuzaa, wote, kila mwaka, unategemea nini?

Nasema haya ili isionekane kila kitu namtupia sangara. Yeye alikuta mlango umeshalegea. Hata furu wenyewe, miaka ya 70 hapa Ghuba ya Mwanza kulikuwa na meli za kukokota nyavu zinawavua wakasagwe chakula cha mifugo. Walikuwa wengi mno, nani angewaza wataisha.

Binti Nyamagana

Samahanini mi naomba kuuliza labda swali la kijinga. Hv maji ya ziwa kuwa ya kijani yale na kunuka kipindi kingine inahusiana na hao furu au ni uchafu wa mjini tu? Na kichocho je, maana kuna mtu kasema hapo juu kuna furu wa konokono, na tulifundishwa kichocho kinapitia kwa konokono.

Mwl wa Bios

Swali zuri kuliko yote humu.

Kijani ni vijimea vidogo vya majini, mwani. Mwani unashiba mbolea: udongo unaosombwa toka mashamba yaliyokatwa miti, kinyesi cha miji, maji ya viwandani. Hiyo ndo sababu kubwa, furu wangekuwepo wote 500 bado tungekuwa na tatizo. Ila zamani kulikuwa na makundi makubwa ya furu wanaokula mwani na mabaki yake, hao nao waliliwa kwa wingi na sangara kwa sababu walikuwa wanakaa sehemu ya wazi. Sasa mwani ukikosa mlaji unakufa, unazama, unaoza, kuoza kunakula hewa, maji ya chini yanabaki bila hewa na samaki hawakai tena huko. Gugumaji likaja juu ya hapo mwanzoni mwa 90 likaziba mialo, mpaka wakaletwa wale wadudu wa kulitafuna.

Konokono: kweli walikuwepo furu kadhaa ambao chakula chao kikuu ni konokono. Huko Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, watafiti wamehusisha kabisa kupungua kwa samaki wala konokono na kichocho kuongezeka ufukweni. Kwetu siwezi kukuandikia kwamba furu wangerudi kichocho kinaisha, choo na dawa bado ni vya kwanza. Ila ukimfukuza anayekula konokono usishangae konokono wakizaa kwa raha.

Na kuna jambo la maji machafu watu hawalijui. Kuna furu wa kwenye miamba, kina mbipi, hawa walipona zaidi kwa sababu wanajificha kwenye nyufa ambako sangara hapenyi. Kati yao kuna mmoja dume lake jekundu la kuwaka, jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kapewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Ana ndugu yake wa karibu, dume lake la bluu, naye ni Pundamilia pundamilia. Wanakaa mwamba mmoja, mmoja chini kidogo mwingine juu, na kinachowatenganisha wasizaliane hovyo ni jike kuchagua rangi. Kisiwa cha Makobe ambako maji bado meupe unawaona wawili tofauti kabisa. Ukija ndani ya ghuba kwenye maji ya tope jike haoni vizuri rangi, anachanganya, wanazaliana, na baada ya muda huna wawili tena, una mmoja wa rangi ya kuchuja katikati. Hapo hakuna aliyevuliwa wala aliyeliwa. Aina imepotea kwa sababu ya ukungu wa maji.

Nyakato Finest

Kwahiyo Mwalimu Nyerere ana samaki wake na hatukuambiwa? Mnafundisha nini huko mashuleni 😂

Kichwa Ngumu

Hii ya Nyerere nimeipenda. Ila swali, mbona furu wapo? Mama watoto kanunua wiki hii hii. Wapo wa kutosha tu. Basi si wanarudi, sangara kapungua, ziwa linajirekebisha lenyewe, tatizo liko wapi?

Mwl wa Bios

Wanarudi ndiyo. Kuanzia miaka ya 90 sangara wakubwa walipovuliwa sana baadhi ya furu wakaanza kuonekana tena, na wengine wamerudi wamebadilika. Kuna mmoja wa kula vijidudu, Haplochromis pyrrhocephalus, aliporudi alipimwa akakutwa matamvua yake ya kupumulia yamekuwa makubwa kuliko ya babu zake waliohifadhiwa kwenye chupa, kazoea maji yenye hewa kidogo. Ndani ya miaka kama 20 hivi. Ni habari ya kufurahisha.

Lakini angalia waliorudi ni kina nani. Ni aina chache zisizochagua sana chakula, pamoja na machotara. Wale wa kazi maalumu, wale wakubwa wa kula samaki wenzao, wahuni wa kukaba mama, wengi wao kimya. Mama watoto akinunua fungu la jero zamani kwenye lile fungu kungeweza kuwa na aina kumi na kitu, leo fungu ni lile lile, uzito ule ule, na aina labda mbili. Sokoni huoni tofauti kwa sababu mizani inapima kilo.

Kichwa Ngumu

Hapo sasa umenigusa. Sijakubali yote ila hapo kwa mizani umenigusa.

Mtoka Kampala

Naishi Kampala mwaka wa kadhaa sasa. Huku furu anaitwa nkejje, wanamkausha na kumtunga kwenye vijiti, wazee wanamsaga wanawapa watoto wadogo kwenye uji au wakitoka kuumwa surua. Na kuna ukoo kabisa wa Buganda mwiko wao ni nkejje, hawamli, ni alama ya ukoo wao. Bei yake siku hizi siyo ya samaki takataka, nawaambia. Sasa mtu wa ofisini 1954 kukaa akaandika kwamba hana thamani, alimuuliza nani?

Omwana wa Kagera

Mimi nachomekea la shambani maana linafanana. Bukoba tuna migomba ya kila namna, ya kupika, ya pombe, ya kuiva, ya kuchoma, bibi kizaa bibi walikuwa wanachanganya kibanja kimoja unakuta aina kibao. Mnyauko ulipoingia kwetu 2006 ukitokea Uganda, migomba ya pombe ile ya kayinja ilikuwa inakufa kwanza, wadudu wanabeba ugonjwa toka ua hadi ua. Waliokuwa wamepanda hiyo peke yake, kwa sababu ina soko la pombe, walikata shamba zima. Waliokuwa na mchanganyiko walipoteza nusu wakapata cha kula. Wataalamu wakija wanasema panda mbegu bora, nakubali, ila kila wakija na mbegu bora ni moja.

Mzee wa Kayabo

Omwana umesema kweli tupu, mbegu bora ni moja.

Ghuba ya Speke (mwanzisha uzi)

Kuna waliouliza pm kama kuna furu waliopotea ziwani ila wapo hai kwingine. Wapo. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza miaka ya 70 na 80 walibeba wengine, na baadaye bustani za wanyama za Marekani na wafugaji wa samaki wa mapambo wakawa wanawazalisha. Kuna aina ambazo leo zinaishi kwenye matangi ya vioo tu huko Ulaya na Marekani. Mtu wa mjini kule ana furu wa Ghuba ya Mwanza sebuleni, wewe wa Kirumba humjui. Na kuwarudisha siyo kama wale vyura, maana ziwa ni kilomita za mraba 68,800, huwezi kulifunga bomba la manyunyu. Unamrudisha wapi wakati sangara yupo na maji ni yale yale ya kijani?

Ndo maana naona hela na nguvu ziende kwa waliobaki: miamba yenye mbipi isivuliwe kwa kokoro, mafunjo yaachwe, na vile viziwa vya pembeni visije vikatiwa sangara na mtu mwenye haraka ya hela. Vizimba vya kufugia sato sina ugomvi navyo sana kwa sababu vinapunguza uvuvi ziwani, ila visipangwe kwenye ghuba zisizo na mkondo, chakula kinachobaki na kinyesi vinazama pale pale.

Mkulima Kilosa

Jamani nimefuatilia uzi wote, shule kubwa. Ila mmenitia wasiwasi. Mimi nipo Kilosa, nimechimba bwawa, nilikuwa nataka kuagiza vifaranga vya sato wa Mwanza maana wanasema anakua haraka. Sasa mimi niko mbali na ziwa, hainihusu si ndiyo?

Mwl wa Bios

Inakuhusu wewe kuliko sisi. Kilosa maji yenu yanakwenda Wami, na Wami kuna perege wake wa asili, ndugu wa sato lakini siyo sato. Hao wawili wanazaliana. Tanzania ni moja ya nchi zenye aina nyingi za perege wa asili duniani, na karibu kila bonde lina wake, na sato ameshasambazwa na wafugaji kwenye mabonde mengi tu. Bwawa lako likifurika siku moja, na Kilosa mafuriko unayajua mwenyewe, vifaranga vinaingia mtoni na hakuna wa kuviita virudi.

Mkulima Kilosa

Duh. Kwahiyo nifuge nini sasa, bwawa limeshakula hela?

Mzee wa Kayabo

Kambale mwanangu. Huyo yupo karibu kila mto wa nchi hii hutakuwa umemletea mtu mgeni, anavumilia maji mabaya na soko analo. Ila ulizia waliozalisha vifaranga wametoa wazazi wapi.

Mwl wa Bios

Au perege wa huko huko Wami, waulize watu wa uvuvi wilayani wakuelekeze pa kupata wazazi. Anachelewa kidogo kukua, usitegemee bei ya sato mwaka wa kwanza. Na chochote utakachofuga inua kingo za bwawa juu ya alama ya mafuriko ya mwisho, na mfereji wa kutolea maji uwekee wavu wa matundu madogo, siyo mmoja, miwili, maana mmoja utazibwa na majani utautoa mwenyewe.

Kichwa Ngumu

Kilosa ukipata perege wa kutosha nitafute pm, nina mteja Dodoma. Bei tutaelewana.